Gauni la Kusimama Tu

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na sina nguvu ya kuilazimisha. Nitasema polepole. Nataka kuwapa habari ya mwanamke mmoja aliyeshona gauni nyumbani kwake. Wanaume, msiseme kwamba hii ni habari ya akina mama mkaanza kusinzia. Na sisi tumo.

Mwanamke huyo alifiwa na mama yake. Alikuwa amemuuguza mwenyewe, muda mrefu, katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Mliowahi kuuguza mnajua. Mtu anamgeuza mgonjwa ubavu huu, anamgeuza ubavu ule, anafua shuka, anapika uji, mgonjwa haunywi, anaumwaga, anapika mwingine. Mama alipokata roho, majirani walilia sana. Yeye hakulia. Alikuwa amechoka mno, hata machozi hayakupata pa kupitia. Alikaa kwenye mkeka watu wakaja mmoja mmoja wakimwambia pole, naye kila mmoja akamjibu, "Nimeshapoa." Ndivyo tunavyojibu, sivyo? Tunasema tumeshapoa, na ndani kunachemka.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kike, aliyefanya kazi mkoa wa mbali. Habari ya msiba ilimfikia wakati wa mvua kubwa, barabara imekatika, magari yamelala njiani. Alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na maua juu yake yameanza kunyauka. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini dada yake alipomwona mlangoni hakumkumbatia. Alimpokea mkoba tu, akamwonyesha pa kuuweka.

Hawa walikuwa wawili tu. Baba yao alishatangulia zamani. Hakuna mwingine waliyetoka naye tumbo moja. Shikeni hilo, maana habari yote iko hapo: uzi kati ya hawa wawili ukikatika, hakuna wa kuuunga.

Ikafika siku ya kuanua tanga. Shangazi yao, mwanamke mnene mwenye maneno, akatandika nguo za marehemu mkekani kama ilivyo desturi, ili kila ndugu apate kitu cha kumkumbuka. Huyu akapewa kanga, huyu sweta, huyu kitambaa cha kichwa. Mdogo mtu akasubiri mpaka mwisho, akauliza:

"Shangazi, na lile gauni la bluu liko wapi?"

Wote walilijua. Lilikuwa gauni la mtindo wa zamani: kola kama ya shati la mwanamume, vifungo kutoka shingoni mpaka chini ya magoti, mkanda wa kitambaa kilekile kiunoni, na sketi pana. Mama yao alilishona mwenyewe wasichana wake wakiwa wadogo, akalivaa mpaka watu wakawa wanamtambua kwa mbali kwa gauni hilo kabla hawajaiona sura yake. Siku hizi mabinti wameanza kuyatafuta tena magauni ya namna ile. Mama huyo hakuwa na habari ya fasheni. Lilikuwa gauni lake, basi.

Shangazi akapekua sanduku. Hakulikuta.

Dada mkubwa akasema, "Lile nimelitundika chumbani kwangu. Halimo katika kugawa."

"Halimo kwa amri ya nani?" akauliza shangazi. "Kaka yangu kafufuka akakuambia?"

"Shangazi, mimi ndiye niliyemvua mara ya mwisho, aliposhindwa kuinua mikono. Naomba mniachie."

Mdogo wake akasema taratibu, "Dada, mama alinibeba mgongoni na gauni lile. Nilikuwa nalala, shavu langu liko pale. Mimi sitaki kanga wala sweta."

"Nitakushonea jingine kama hilohilo. Hutaona tofauti."

"La mama libaki kwako, mimi nipate mfano wake?"

"Nitalishona kwa mikono yangu, kwenye cherehani yake mwenyewe. Siku tutakayojengea kaburi utalikuta tayari."

Mdogo mtu akaondoka na mkoba wake kama ulivyokuja. Shangazi alimkimbilia mpaka njiani na kanga mkononi, naye akaikataa. "Nimeahidiwa gauni," akasema. "Nitangoja gauni."

Basi dada mkubwa akabaki na ahadi.

Yeye hakuwa fundi. Kushona alijua kwa kumwangalia mama yake: foronya, mapazia, viraka vya sare za shule. Akanunua kitambaa cha pamba, bluu iliyokaribiana na ile bluu iliyopauka. Akapaka cherehani mafuta. Kisha akasimama mbele ya lile gauni la mama, limening'inia kwenye henga ya waya nyuma ya mlango, asijue aanzie wapi.

Shangazi alipita siku hiyo, akamwambia, "Lifumue. Tandaza vipande juu ya kitambaa, kata, kisha lirudishie mishono yake. Ndivyo inavyofanywa."

Akamtazama shangazi yake kama mtu aliyeambiwa akamfukue mama yake.

"Haya, kama hutaki kulifumua, livae tuone linavyokaa mwilini."

"Likivaliwa litapoteza harufu yake."

"Harufu!" shangazi akasema. "Mwanangu, hiyo ni harufu ya sabuni. Hata mimi ninayo."

Lakini dada mkubwa hakulitoa kwenye henga. Alilipima pale pale lilipotundikwa. Akabandika magazeti juu yake kwa pini, akakata gazeti kufuata umbo alilokuwa akiliona, akahamishia kwenye kitambaa kwa chaki. Kila jioni akitoka kwenye shughuli zake, miguu imevimba, anakaa kwenye cherehani. Uzi unakatika, anautia tena. Kola ikashonwa, ikakaa upande, ikafumuliwa, ikashonwa upya. Matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka ncha za vidole zikawa ngumu. Mama yake alikuwa akishona huku anaimba. Yeye alishona kimya. Hakuwa anashona kwa furaha, wapendwa. Alikuwa anashona ili mtu asimdai tena kitu alichokwisha kukiamua kuwa ni chake.

Sasa sikilizeni jambo moja dogo. Mgongoni mwa gauni la mama, katikati ya mabega, palikuwa na rinda. Rinda moja tu, limekunjwa ndani, linashuka mpaka kiunoni. Gauni likiwa limetundikwa, rinda lile linafumba kama mdomo. Huoni kitu. Dada mkubwa alilitazama akadhani mama yake alizidisha kitambaa, akakificha kwa kukikunja. Akalikunja rinda kwenye gauni lake kama alivyoliona. Halafu, ili lisicheze, akapitisha cherehani juu yake, kutoka mabegani mpaka kiunoni, akalifunga. Akapiga pasi. Mgongo ukanyooka kama ubao wa meza.

Akalitundika jipya kando ya lile la zamani. Yakafanana kabisa. Akashusha pumzi.

Mmeliona kosa? Akina mama wa kwaya mmeshaliona, nawasikia mnavyonong'ona. Ngojeni kidogo, wengine bado hatujafika.

Siku ya kujengea kaburi, mdogo mtu akaja. Safari hii aliwahi. Ibada ikafanyika, msalaba ukasimamishwa, watu wakala, wakaaga. Nyumbani wakabaki wawili wale na shangazi. Kulikuwa na chungu cha maharage jikoni na birika la chai juu ya mkaa. Dada mkubwa akaleta gauni jipya limekunjwa vizuri.

"Hili hapa. Sikukuahidi uongo."

Mdogo wake akaingia chumbani akalivaa, akafunga vifungo vyote, akafunga mkanda. Akatoka. Na kweli, alipotokea mlangoni, shangazi aliweka mkono mdomoni. Ungedhani mama yao amerudi akiwa msichana.

"Geuka," dada akasema. "Umeona? Sikukwambia hutaona tofauti?"

Mdogo mtu akageuka polepole. Akapiga hatua. Akapiga nyingine.

"Mbona unatembea kama uliyemeza ufagio?" shangazi akauliza.

"Nguo ni nzuri, shangazi."

"Uzuri nimeuona. Nimiminie chai basi."

Akanyoosha mkono kulifikia birika. Mkono ukaishia njiani. Akajaribu wa pili, ukaishia pale pale. Kitambaa kilimshika mgongoni kama mtu aliyemkamata kwa nyuma. Akacheka kidogo, cheko la kutafuta njia ya kusema jambo bila kuumiza.

"Dada," akasema, "mama alisongaje ugali na gauni hili? Maana mimi humu naweza kusimama tu."

Maskini, alikuwa anatania. Lakini yule mwingine alisikia kitu kingine. Alisikia kazi yake yote, vidole vyake, jioni zake, na nyuma ya jioni hizo zile shuka na ule uji, vyote vimechekwa na mtu ambaye hakuwepo. Akasema:

"Wewe utajuaje mama alivyosonga ugali? Ulimwona lini? Wewe ulikuja kaburi limeshafunikwa."

Shangazi akainamisha uso. Neno hilo lilikuwa limekaa ndani ya nyumba ile tangu msiba. Kila mtu alikuwa akilizunguka kama tunavyozunguka kiti cha mgeni. Sasa limetoka.

Mdogo mtu alisimama pale jikoni, ndani ya gauni lile, mikono imeshuka, kwa sababu hata angetaka kujifuta macho mikono isingefika.

Na yule mkubwa, alipokwisha kulisema, akashuka chini sakafuni pale pale, kati ya chungu na mlango. Na hapo ndipo, wapendwa, baada ya muda wote ule wa kujibu watu kwamba ameshapoa, kilio kikamjia. Hakikuwa kilio cha kupendeza. Kilikuwa kama mtu anayetapika.

Mdogo wake akamtazama. Mnadhani alifanya nini? Alikuwa na sababu zote za kuchukua mkoba wake. Sisi wengine tungeuchukua. Tungesema, haya, nimesikia ulichokuwa nacho moyoni, kwaheri, tuonane kwenye msiba mwingine.

Yeye aliinama. Aliinama kwa nguvu, akatupa mikono yote miwili, akamkumbatia dada yake pale chini. Na gauni likapasuka mgongoni. Raaa! Kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Afadhali," shangazi akasema. "Lilikuwa linanikosesha pumzi hata mimi niliyelitazama."

Dada mkubwa alingoja mdogo wake aruke, ajiangalie, alalamike. Hakuruka. Hakulegeza mkono. Walikaa hivyo, mmoja analia na mwingine amemshika, na mikono ya yule anayelia ikazunguka mgongo wa mwenzake ikaukuta uwazi. Vidole vyake vilivijua vile vipande, maana ndivyo vilivyovishona. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokatika ni uzi. Gauni lilikuwa limefumuka kwenye ule mshono mmoja, ule wa kufunga rinda. Na pale rinda lilipofunguka, kitambaa kilikuwa tele, kikimtosha mtu kuinama atakavyo.

Akaelewa. Mama yake hakuzidisha kitambaa kwa bahati mbaya. Rinda lile aliliweka ili afikie sufuria, afikie kamba ya nguo, abebe mtoto mgongoni na mtoto apate pa kulala. Mkono ukienda mbele, rinda linafunguka. Mkono ukirudi, linafumba. Lakini gauni likiwa kwenye henga halina mkono. Na yeye alilinakili likiwa kwenye henga.

Akainuka, akaenda chumbani, akalitoa gauni la mama nyuma ya mlango. Akamwambia mdogo wake, "Livae."

"Harufu itatoka, dada."

"Itoke. Livae utumiminie chai."

Akalivaa. Akainama kwenye mkaa, akanyoosha mikono kwenye birika, na mgongoni rinda likafunguka. Ndani yake kitambaa kilikuwa cha bluu iliyokolea, bluu mbichi kama siku ile kilipokatwa, kwa maana jua halikuwahi kukifikia. Dada mkubwa alishika fremu ya mlango. Alikuwa amelitazama gauni lile kila alipoamka na kila alipolala, na hakujua lilikuwa na rangi ile.

Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Gauni likaondoka na mdogo mtu, na yule mkubwa akabaki na lililofumuka, akalishona sawasawa, akalivaa. Lakini sikuwaita mbele ili nizungumzie magauni.

Nawaona mnamhurumia mdogo, yule aliyechelewa. Ni vizuri. Ila msikae kwenye kiti chake, si kiti chetu. Sisi ni yule aliyeuguza. Angalieni tulivyo humu ndani. Ni sisi tuliofagia kanisa hili tangu lilipokuwa la mabati matupu. Ni sisi tuliokesha na wagonjwa, tukazika, tukapika kwenye misiba ya wengine tukiwa na misiba yetu. Tumechoka. Mungu anajua kwamba tumechoka, wala hatukemei kwa kuchoka. Lakini uchovu wetu tumeufanya nini? Tumeufanya sababu ya kuwanyima wengine. Tunamwambia aliyechelewa, wewe hukuwepo, upendo huu si wako, ngoja nikushonee mfano wake.

Na mfano tunaomshonea ni wa namna gani? Una kola, una vifungo, una mkanda. Kwa mbali ni wenyewe. Anaokoka, tunamvalisha, anasimama vizuri katika mstari, na hakuna anayeona kwamba mikono yake haifiki kwa jirani.

Tuliofiwa, niwaambie ninyi hasa, na ninajua ninawaambia nini. Wapendwa wetu tumewatundika. Picha ipo sebuleni, ina fremu na maua ya plastiki, tunaipangusa vumbi. Mama yako alikuwa hapiki bila kuuliza jirani amekula nini. Picha yake unayo. Jirani umemuuliza? Mume wako alikuwa akisikia ndugu wamekosana hakai, anavaa viatu. Viatu vyake bado umeviweka chini ya kitanda. Na wewe na shemeji yako hamjasalimiana tangu mazishi. Tunasema tunawatunza. Tunatunza walivyoonekana. Kuinama kwao tumekufunga kwa mshono.

Mimi sioni aibu kuwaambia kwamba mtu anaweza kulala na nguo ya marehemu karibu na pua yake, akaamka hana upendo wa marehemu hata kidogo. Upendo wao haukuwa kwenye nguo. Ulikuwa kwenye mikono, na mikono ilikuwa inakwenda kwa watu.

Bwana wetu, usiku ule kabla ya kufa, alikuwa na kila sababu ya kukaa chini ahudumiwe. Alikuwa amechoka kuliko sisi. Akajifunga taulo kiunoni akainama mbele ya miguu ya watu waliokuwa wanakwenda kumkimbia. Je, imani tuliyojishonea wewe na mimi inaruhusu kuinama hivyo? Au tukijaribu tu, utasikika mpasuko? Kama itapasuka, iache ipasuke. Usiishike. Huenda kinachokatika ni ule uzi tulioongeza sisi wenyewe kwa kutaka kunyooka, na chini yake Mungu ameweka kitambaa cha kutosha ambacho jua halijakiona.

Kuna mtu alikuja kwako akiwa amechelewa. Unamjua. Neno lako kwake bado limekaa nyumbani na watu wanalizunguka. Sitakuuliza jina lake.

Kwa kawaida nikifika hapa nawaambia simameni tuombe. Leo msisimame. Mwenye magoti mazima apige magoti. Wenye miguu inayouma, na wazee, na mama yule mwenye mtoto mgongoni, inamisheni vichwa tu hapo mlipoketi, inatosha. Tuiname kidogo, wapendwa. Halafu tukitoka, tuiname tena huko nje.